Mikono Isiyoandikwa Daftarini

Kila mwisho wa mwezi zahanati na vituo vya afya vya Malindi, Magarini na Lamu, pwani ya Kenya, hujaza fomu ile ile ya Wizara ya Afya: MOH 705A kwa watoto wa chini ya miaka 5 na MOH 705B kwa waliopita umri huo. Malaria ina mistari yake, kuhara kuna mistari yake, hata funza wana mstari wao. Kisha unakuja mstari mmoja wa magonjwa ya ngozi, na humo hutiwa kila kitu: upele wa mtoto, mapunye ya kichwani, majipu, choa, na mikono ya mama fua iliyopasuka vidole vyote kumi.

Mstari huo si mdogo. Katika takwimu za kitaifa za wagonjwa wa nje, magonjwa ya ngozi hukaa nafasi za juu, nyuma ya magonjwa ya njia ya hewa na malaria. Lakini ukimuuliza afisa wa afya ni wangapi kati ya hao wana ukurutu wa mikono, yaani ngozi inayokauka, kuwasha na kupasuka bila kuambukiza, jibu halimo kwenye fomu. Kisichokuwa na jina kwenye fomu hukosa dawa kwenye oda, hukosa dakika za ziada katika chumba cha daktari, na hukosa mtu wa kwenda kumuuliza mwajiri. Ninachosema ni hiki: ukurutu wa mikono katika mji kama Malindi, mara nyingi, ni ugonjwa wa kazi unaotibiwa kama ugonjwa wa ngozi tu, na ndiyo maana haupoi.

Hesabu za dunia zipo. Uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2021 ulikuta kwamba kati ya watu 100 wa kawaida, 4 hivi wana ukurutu wa mikono ukiwapima leo, 9 wameupata ndani ya miezi 12 iliyopita, na 14 au 15 wamewahi kuupata maishani. Wanawake huzidi wanaume. Kwa wahudumu wa afya na wasusi, waliowahi kuupata hufika mmoja kati ya watatu. Sehemu kubwa ya tafiti hizo imetoka Ulaya, hasa nchi za kaskazini zenye baridi kavu, kwa hiyo haifai kuzibandika Malindi zilivyo. Unyevu wa hewa ya pwani huifaa ngozi. Kufua kwa mkono, maji ya chumvi na saruji inayoshikwa kwa mikono mitupu huidhuru. Ukizitazama kazi zenyewe, mizani inaelemea upande wa madhara.

Wala hesabu ya hospitali haiwezi kusimama mahali pa hesabu ya mitaani. Mwenye upele wa kuambukiza, ule unaoletwa na kidudu cha ngozini, huja mapema kwa sababu nyumba nzima haijalala. Mwenye ukurutu wa mikono hukaa nao miaka, akipaka mafuta na kukunja vidole anapopeana mkono na watu. Siku anayofika zahanati ni siku ambayo ufa umeingiwa na bakteria, kidole kimevimba na kutoa usaha. Basi huandikiwa antibiotiki na kuhesabiwa kwenye maambukizi. Anayesoma daftari ataona usaha kwa wingi na ukurutu kwa nadra, ilhali sehemu ya usaha huo ni ukurutu uliochelewa kuonwa.

Kanuni za usalama kazini za Ujerumani zilitumia kwa miaka mingi kipimo kinachofaa hata huku. Mtu alihesabiwa kuwa na kazi ya maji ikiwa mikono yake ilikuwa majimaji zaidi ya saa 2 kwa siku, au ndani ya glavu zisizopitisha maji kwa muda kama huo, au aliiosha mara nyingi kwa siku. Mpime kwa hiyo mama fua anayeanza beseni la kwanza asubuhi na kuanika nguo za mwisho adhuhuri. Mpime mama karanga, mkaanga samaki, anayepara magamba na kutoa matumbo ya samaki toka mashua zinapoingia mpaka karai linapotiwa motoni. Mpime msafishaji wa vyumba katika hoteli za Watamu, mwosha vyombo wa mkahawa, muuguzi wa wodi ya wazazi. Wote hao wamevuka kipimo kabla ya kurudi nyumbani, na nyumbani kunawangoja vyombo na watoto wa kuogeshwa.

Kinachotokea kwenye ngozi si siri. Tabaka la juu kabisa ni seli zilizokufa zinazoshikwa pamoja na mafuta ya asili, kama mawe ya matumbawe yanavyoshikwa na chokaa ukutani. Sabuni huondoa mafuta hayo. Ngozi nzima ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi) kama 5, na sabuni ya kipande ina pH 9 hadi 10; baada ya kuosha, ngozi huhitaji muda kurudi katika hali yake, na anayerudi kwenye beseni kabla ya muda huo huanza upya akiwa na upungufu. Maji matupu nayo hudhuru yakikaa: hulainisha tabaka hilo, likivimba, kisha likikauka linakatika. Visima vingi vya ukanda huu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake ni magumu, sabuni haitoi povu, mtu huongeza sabuni, na utando unaobaki mkononi baada ya kusuuza ni sabuni iliyoshikamana na chokaa ya maji.

Utazame mkono wenyewe. Mara nyingi mwanzo hauko kiganjani. Uko kwenye ngozi nyembamba ya katikati ya vidole, juu ya vifundo, na chini ya pete, ambako maji ya sabuni hukwama na kukaa mpaka jioni. Kwanza ngozi hukauka na kutoa unga mweupe, kisha huwa nyekundu au, kwa ngozi nyeusi, huwa ya zambarau au ya kijivu iliyokolea, na hapo ndipo wengi huikosa kwa sababu picha za vitabuni ni za ngozi nyeupe. Baadaye ngozi huwa nene, mistari ya vidole hukomaa, na nyufa hufunguka kwenye viungo. Ndimu na pilipili ndizo hutangulia kutoa habari: kabla jicho halijaona ufa, kukamulia ndimu kwenye mchuzi kumeshauma.

Aina hii, inayotokana na kuchubuliwa na maji, sabuni na kemikali bila mzio (aleji) wowote, ndiyo nyingi zaidi. Kwa kawaida hutajwa kuwa kama 80 kwa 100 ya ukurutu wa mgusano, yaani unaoletwa na vitu vinavyogusa ngozi, unaotokana na kazi. Aliyekuwa na ukurutu utotoni au mwenye pumu hupatwa upesi kuliko wenzake. Mzio wa kweli unafuata nyuma kwa idadi, ila hauna msamaha: ukishaingia mwilini hukaa maisha.

Kazi za huku zina tabia zao. Kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, Ngomeni na Marereni, maji ya chumvi kali hufyonza unyevu wa ngozi, na punje za chumvi huikwaruza na kuingia kwenye nyufa. Kwa kuwa chumvi huvunwa jua linapokuwa kali, ngozi hukaushwa mara mbili. Viatu vya mpira na glavu hutatua nusu. Nusu nyingine ni maji baridi ya kusuuza yaliyo karibu na mahali pa kazi, kwa maana chumvi ikikauka mkononi huendelea kufanya kazi yake hata baada ya mtu kuondoka shambani.

Kwa samaki kuna mambo mawili ambayo hayafai kuchanganywa na ukurutu wa maji. La kwanza, mtu akishika samaki mbichi na kuwashwa ndani ya dakika chache, na ngozi ikainuka mabaka, huo ni mzio wa protini ya samaki, na glavu si hiari tena. La pili, mwiba ukimchoma kidoleni na baada ya siku chache kidole kikavimba, kikawa cha zambarau chenye mpaka unaoonekana, na kikauma kuliko kinavyostahili, hiyo ni bakteria ya samaki na nyama inayotibiwa kwa penisilini. Krimu ya kutuliza muwasho haitaigusa.

Korosho na embe ni ndugu wa ukoo mmoja, na wote wana utomvu wenye kemikali za jamii moja. Mafuta ya ganda la korosho huunguza waziwazi: hutoa malengelenge na kuacha mikono ya wabanguaji ikiwa myeusi na kubanduka. Kuchoma korosho nyumbani kwenye debe nako hupeleka mvuke wa mafuta hayo usoni na machoni. Wabanguaji hupaka majivu au mafuta ya kula mikononi kabla ya kuanza, na kuna maana ndani yake, kwani utando huo hupunguza mgusano. Lakini usipofutwa kwa kitambaa na kuoshwa kila baada ya muda, unageuka kuwa chombo cha kubebea sumu ile ile. Kwa embe, ubaya uko kwenye kikonyo. Ngowe au boribo likikatwa na utomvu ukatiririka mkononi, aliye na mzio huona matokeo baada ya nusu siku hadi siku tatu, ndiyo maana wachache huunganisha upele wa Jumatano na maembe ya Jumatatu. Embe likatwe na kikonyo kirefu, ligeuzwe chini utomvu umwagike, lioshwe kabla ya kumenywa.

Saruji mbichi ina pH 12 hadi 13. Hiyo peke yake hutosha kuunguza goti la fundi aliyepiga magoti kwenye zege. Pamoja na hayo ina kromiamu ya aina inayoleta mzio mkaidi sana. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku tangu 2005 saruji yenye zaidi ya sehemu 2 kwa milioni za kromiamu hiyo, na viwanda vikaanza kuongeza salfeti ya chuma ili kuipunguza. Mafundi wa chokaa wa Lamu hawana kromiamu ya kuogopa, ila chokaa mbichi huunguza vilevile, na jicho ndilo la kwanza kulindwa.

Piko, rangi nyeusi ya kuchorea maua mwilini, linahitaji kusemwa kwa sauti, kwa sababu madhara yake tunayapaka wenyewe siku za furaha. Hina ya majani, iliyosagwa na kukorogwa kwa maji na ndimu, hutaka saa kadhaa mkononi na hutoa rangi ya machungwa inayokolea kuwa hudhurungi. Mzio wake ni nadra. Rangi nyeusi ti inayoshika ndani ya saa moja haitoki kwenye majani. Mara nyingi ni unga wa kupaka nywele wenye kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo Ulaya hairuhusiwi kuzidi 2 kwa 100 hata kwenye rangi ya nywele iliyo tayari kupakwa, na kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Mara ya kwanza bibi harusi anaweza asione kitu, au akaona malengelenge yakifuata maua yote ya piko baada ya wiki moja au mbili. Mara ya pili huchukua siku moja hadi tatu. Baada ya hapo, siku atakayopaka rangi nywele zake akiwa na miaka 40, uso unaweza kuvimba mpaka macho yafumbe, na baadhi ya rangi za nguo na hata dawa za ganzi za kupaka huweza kumletea mzio ule ule. Msusi anayepaka piko na rangi ya nywele kila wiki bila glavu yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya wateja wake. Tungeacha piko kabisa na kubaki na hina. Na hata hina ya majani isipakwe kwa mtoto mchanga: mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu, upungufu ambao si wa nadra kwenye maeneo ya malaria kama pwani yetu, anaweza kuvunjika chembe nyekundu za damu kwa hina iliyopenya ngozini.

Sasa upande wa daktari. Mikono inayowasha ina sura zinazofanana na asili tofauti, na kuzitenganisha hutaka maswali machache. Ya kwanza: nani mwingine anawashwa nyumbani, na ni saa ngapi? Upele wa kuambukiza huwasha usiku zaidi, hukaa katikati ya vidole na upande wa ndani wa vifundo vya mikono, lakini pia kiunoni, kitovuni, kwenye chuchu na sehemu za siri. Ukurutu wa kazi haufiki kiunoni. Kwa mtu anayeupata upele mara ya kwanza, muwasho huanza wiki 4 hadi 6 baada ya kuambukizwa, na muda wote huo anaambukiza wengine, kwa hiyo kumtibu yeye peke yake ni kazi bure. Nyumba nzima ipakwe usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, kucha na katikati ya vidole zikiwemo: losheni ya benzili benzoati ya 25 kwa 100 kwa watu wazima, ikae saa 24 na kurudiwa kama daktari alivyoelekeza, au permethrini ya 5 kwa 100, ikae saa 8 hadi 12 na kurudiwa baada ya wiki moja. Mtoto mdogo apewe kipimo chake, si cha babake. Anayenawa mikono baada ya kupaka apake tena mikono. Hapo ndipo tiba nyingi huharibika, kwani mama amepaka watoto wote kisha akaenda kuosha vyombo. Nguo na mashuka ya siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani, na kisichofulika kifungwe kwenye mfuko siku kadhaa, maana kidudu hakidumu zaidi ya siku 2 au 3 nje ya mwili. Muwasho unaweza kuendelea wiki 2 hadi 4 hata kidudu kikiwa kimekufa. Asiyeambiwa hilo atapaka dawa kila siku na kujitengenezea ukurutu juu ya upele.

Swali la pili: ni mkono mmoja au miwili? Fangasi wa kiganja hupenda mkono mmoja na nyayo zote mbili. Kiganja kimoja kikavu chenye unga kwenye mistari, na miguu yenye magamba, kikwanguliwe, unga utiwe potasiamu haidroksidi ya 10 kwa 100 na kuangaliwa kwa hadubini. Kipimo hiki ni rahisi, kinataka kioo, tone na dakika chache, na maabara yoyote inayosoma malaria kwa hadubini inaweza kukifanya. Kwamba hakifanywi kila mahali ni uzembe wa mpangilio, vifaa vipo.

La tatu ni vipele vya viganjani visivyowasha kabisa. Hapo daktari afikirie kaswende na kupima damu. La nne ni baka lisilosikia mguso wa pamba. Ukoma haujaisha pwani, na tiba yake ya dawa mchanganyiko ni miezi 6 au 12 kutegemea aina.

Baada ya hayo yote linakuja swali ambalo naliona ndilo zito: "Mama, mikono hii inashika nini toka asubuhi?" na lifuatwe na, "Ukienda kwenu kwa wiki mbili bila kazi, inakuwaje?" Mikono inayopona likizoni na kuharibika wiki ya kurudi imeshajieleza. Swali hilo halina gharama, na katika foleni ya asubuhi ndilo huachwa.

Likiachwa, mgonjwa huishia kemisti. Huko mara nyingi hupewa mrija mmoja wa mchanganyiko: steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho wa ngozi), antibiotiki na dawa ya fangasi pamoja. Mrija huu unapendwa kwa sababu siku tatu za kwanza hutuliza kila kitu. Kwa upele, muwasho hupungua huku kidudu kikizaliana. Kwa fangasi, kingo za choa hufifia, kisha choa hutanda likiwa na sura ambayo hata mtaalamu atapata taabu kulitambua. Kwa ukurutu, ngozi hupoa na kurudi vilevile kwa kuwa beseni liko palepale. Kisha mrija hupelekwa usoni kwa sababu ulingarisha mkono, na ngozi ya uso huwa nyembamba, hutoa chunusi na mishipa, na ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu huweza kuongeza shinikizo la jicho. Steroidi yenyewe si adui. Adui ni steroidi isiyo na utambuzi, isiyo na kipimo na isiyo na mwisho.

Ikitumiwa sawasawa, husaidia sana. Haidrokotisoni ya 1 kwa 100 ni dhaifu mno kwa ngozi ya kiganja. Hutakiwa ya nguvu zaidi, kama betamethasoni valerati ya 0.1 kwa 100, mara moja kwa siku, usiku, kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara mbili kwa wiki wakati ngozi inajijenga. Kipimo ni krimu iliyokamuliwa juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, toka ncha hadi mstari wa kiungo cha kwanza: kama nusu gramu, inayotosha mkono mmoja, kiganja na mgongo wake. Mikono miwili ni gramu 1 kwa siku, na mrija wa gramu 15 humalizika kwa wiki mbili. Mgonjwa anayerudi baada ya miezi mitatu na mrija ule ule umebaki nusu hakushindwa na dawa. Hakuitumia, na mara nyingi ni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha kiasi.

Mafuta ya kulainisha ndiyo dawa ya mchana. Vaselini tupu isiyo na manukato, kiasi cha njegere moja, baada ya kila kuosha mikono ikiwa bado na unyevu kidogo, na nyingi zaidi usiku chini ya glavu au soksi za pamba. Losheni zenye harufu nzuri ziachwe, kwani manukato ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mzio. Kuosha kuwe kwa maji ya kawaida au vuguvugu, pete ikiwa imevuliwa, sabuni kidogo, kusuuza mpaka katikati ya vidole kusiteleze tena, na kukausha kwa kugusagusa. Kuna tabia za mtaani zinazoumiza na zisemwe wazi: kuosha nyufa kwa jiki ili "kuua vijidudu", kuzipaka ndimu, na kutoa rangi au grisi mkononi kwa mafuta ya taa. Mafuta ya kula na kitambaa hutoa rangi ya mafuta bila kuivua ngozi mafuta yake.

Glavu huokoa au huharibu kutegemea namna zinavyovaliwa. Kwa kufua zinatakiwa ndefu za mpira mzito au plastiki, zinazopita kifundo cha mkono. Zile nyembamba za hospitali hutoboka kwa zipu ya kwanza. Chini yake ivaliwe ya pamba, ibadilishwe ikilowa, kwa sababu kwenye joto la kaskazi mkono hutoka jasho haraka, na mkono uliofungiwa katika jasho kwa saa nzima umo kwenye maji kama ulio beseni. Vua kila baada ya dakika 20 hivi. Maji yenye sabuni yakiingia ndani, vua mara moja na suuza: glavu iliyotoboka hubana sabuni kwenye ngozi, na hapo ni heri mkono mtupu. Zigeuzwe ndani nje kila jioni zikauke. Mtu akiona ukurutu umechora mpaka ulio sawa na mwisho wa glavu, afikirie mzio wa kemikali za mpira na kubadili kwenda za vinili. Kuthibitisha mzio kunahitaji kipimo cha viraka mgongoni, kinachokaa saa 48 na kusomwa siku ya 2, ya 3 au 4, na ikiwezekana ya 7. Si kipimo cha kila hospitali, lakini kwa msusi au fundi ambaye riziki yake inategemea jibu, safari inastahili.

Kwa wauguzi ushauri unapingana na hisia zao. Mikono isipokuwa na uchafu unaoonekana, kitakasa cha pombe chenye gliserini huchubua kidogo kuliko sabuni na maji. Moja ya fomula za Shirika la Afya Duniani ina ethanoli 80 kwa 100 na gliserini 1.45 kwa 100, na gliserini hiyo imewekwa kwa ajili ya ngozi. Huchoma kwenye ufa, ndiyo, na kuchoma huko huwarudisha wengi kwenye sabuni, ambayo haichomi ila huongeza ufa.

Jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi vya kutosha ni muda. Ngozi ikionekana nzima, ukuta wake bado ni dhaifu kwa miezi 4 hadi 5. Mama fua aliyepona kwa wiki tatu na kurudi kwenye mabeseni matano bila glavu atarudi zahanati akisema dawa imeshindwa.

Kuhesabu kunawezekana bila fomu mpya kutoka Nairobi. Mfumo wa kimataifa wa kuyapa magonjwa namba, ICD-10, una namba tofauti kwa upele, kwa fangasi, kwa ukurutu wa mzio na kwa ule wa kuchubuliwa. Kituo kimoja kinachoamua kuandika namba hiyo na neno moja la kazi pembeni, "kufua", "samaki", "saruji", kwa mwaka mmoja, kitakuwa na picha ya mji wake isiyopatikana kwenye ripoti yoyote. Elimu ya kuandika hivyo iko karibu: chuo cha kanda cha ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, kimefundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika tangu 1992, kwa msingi kwamba daktari bingwa hatafika kila zahanati lakini tabibu aliyefunzwa atafika. Mwezi Mei 2025 Mkutano wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuyapa magonjwa ya ngozi kipaumbele. Kaunti za Kilifi na Lamu zina sababu ya kutosha kuanzia hapo.

Upande wa waajiri sheria haina kigugumizi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo inagusa pia magonjwa yaliyopatikana kazini. Orodha ya magonjwa ya kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa 2010, inataja ukurutu wa mgusano, wa mzio na wa kuchubuliwa. Kinachokwamisha madai ni karatasi. Msafishaji wa hoteli aliyefukuzwa kwa sababu "mikono yake inatia wageni kinyaa" huenda kwa mwajiri na cheti kilichoandikwa maambukizi ya ngozi, na kwa cheti hicho mwajiri ana haki ya kumwogopa. Ukurutu hauambukizi, na cheti kiseme hivyo. Kiwe ukurasa mmoja: jina la ugonjwa, kwamba hauambukizi, kazi anayofanya na tangu lini, vitu vinavyogusa mikono na kwa saa ngapi kwa siku, ngozi ilikuwaje siku za mapumziko, na mwajiri abadilishe nini, kwa mfano glavu ndefu zenye pamba ndani, zamu ya kutandika vitanda badala ya kuosha mabafu kwa wiki sita, na tarehe ya kurudi kuangaliwa.